Vimmerby na Watoto: Namna ya Kuufikia Mji wa Astrid Lindgren na Kuufaidi

Vimmerby ni mji mdogo wa jimbo la Småland, kusini-mashariki mwa Uswidi, wenye wakazi wapatao elfu nane. Una uwanja wa soko, kanisa, kiwanda cha bia cha tangu 1856, stesheni ya treni, na kuzunguka pande zote ni misitu, mawe na mashamba. Wageni wasingekuwa na sababu kubwa ya kuteremka hapo kama si mtoto wa kike aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 1907 katika shamba la Näs, pembezoni mwa mji. Huyo ndiye Astrid Ericsson, ambaye baada ya kuolewa dunia ilimjua kama Astrid Lindgren, mama wa Pippi, Emil, Ronja na wengine wengi.

Kabla ya habari za viza na treni, tuelewane jambo moja. Vimmerby haimshangazi mtoto asiyezijua hadithi. Hakuna mashine za kumrusha mtu juu wala za kumzungusha mpaka atapike. Kilichopo ni nyumba za hadithi, waigizaji, na mandhari aliyokulia mwandishi. Mtoto anayemjua Emil ataingia katika kibanda cha mbao akatetemeka kwa furaha. Asiyemjua ataona kibanda cha mbao. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini hufanyika nyumbani, miezi kadhaa kabla ya safari, na haina gharama kubwa.

Hatua ya 1: Hadithi kwanza, tiketi baadaye

Usijaribu kusoma kila kitu. Lindgren aliandika vitabu vingi mno. Chagua watu watatu au wanne ambao watoto watakutana nao uso kwa uso.

Anza na Pippi Långstrump, binti wa miaka tisa mwenye nywele nyekundu zilizosukwa, anayeishi peke yake na farasi na kima katika nyumba iitwayo Villa Villekulla. Ana sanduku la sarafu za dhahabu na nguvu za kumbeba farasi wake. Pippi alizaliwa mwaka 1941, pale Karin, binti wa Astrid, alipokuwa mgonjwa kitandani akamwomba mama yake amsimulie habari za mtu mwenye jina hilo, jina alilolibuni papo hapo. Kitabu kilitoka 1945, baada ya mchapishaji mmoja mkubwa kukikataa.

Halafu Emil wa Lönneberga. Huyu ndiye ningemtanguliza kwa watoto wadogo, na hasa kwa watoto waliowahi kukaa kijijini kwa babu na bibi. Ni mtoto wa mkulima, hana ubaya moyoni, lakini kila wazo lake huishia kwenye balaa: kichwa kimenasa ndani ya bakuli la supu, mdogo wake Ida amepandishwa mlingotini mahali pa bendera. Kila mara baba yake humfungia katika kibanda cha seremala, na kila mara Emil hukaa humo akichonga kinyago cha mti. Mtoto yeyote atakielewa kisa hicho bila maelezo.

Kwa wakubwa kidogo, Ronja, binti wa jambazi wa msituni, na watoto wa Bullerbyn, kijiji cha nyumba tatu ambamo hakuna linalotokea ila maisha yenyewe. *Bröderna Lejonhjärta*, hadithi ya ndugu wawili, inahusu kifo moja kwa moja. Isome mwenyewe kwanza, ndipo uamue kama mwanao yuko tayari, kwa sababu huko Vimmerby, katika bustani ya maigizo, inaigizwa kwa moto na upanga.

Njia nzuri ni kusoma kwa lugha uliyoipata kitabu, kisha kusimulia kwa Kiswahili usiku, kwa sauti yako, ukiongeza chumvi. Wasomaji wa Kifaransa, walioko Kongo na Burundi na kwingineko, wawe waangalifu: tafsiri ya zamani ya Pippi, iliyotoka 1951 kwa jina la Fifi Brindacier, ilimpunguza makali sana, hata farasi wake akageuzwa poni. Tafuta tafsiri mpya iliyoanza kutolewa 1995.

Na kuna jambo ambalo mzazi Mwafrika hana budi kulijua kabla mtoto hajaliuliza. Baba yake Pippi, nahodha aliyepotea baharini, anatokea kuwa mfalme wa kisiwa cha mbali, na katika matoleo ya zamani anaitwa kwa neno la dharau kwa watu weusi. Toleo la Kiswidi la 2015 lilibadilisha cheo hicho kikawa mfalme wa Bahari ya Kusini. Pia, katika sura za mwanzo kabisa, Pippi anadai kwamba huko Kongo hakuna mtu hata mmoja asemaye kweli. Ni uongo wa mtoto anayejisifu kwa uongo wake, na anakiri hivyo mwenyewe, lakini msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hatausikia kama anavyousikia msomaji wa Stockholm. Mimi singeficha kurasa hizo. Ningezisoma na mtoto, nikamwambia kitabu kiliandikwa mwaka gani na Kongo ilikuwa chini ya nani wakati huo, kisha tukaendelea na hadithi. Mtoto aliyeyasikia haya nyumbani hatayakuta kwa ghafla kwenye duka la vitabu huko ugenini.

Hatua ya 2: Chagua wiki yako

Bustani kubwa ya maigizo, Astrid Lindgrens Värld, huishi kwa majira ya joto. Hufunguliwa mwishoni mwa majira ya kuchipua, hushika kasi Juni hadi Agosti, halafu hubaki na siku chache za vuli. Ukienda Februari utakuta lango limefungwa na theluji imeukalia mji. Kwa hiyo kalenda ya kwanza kuitazama ni ya bustani, si ya mashirika ya ndege.

Julai ndiyo likizo ya Waswidi karibu wote. Foleni ni ndefu, vyumba ni ghali, na magari ya Wajerumani, Wadenmark na Waholanzi yamejaa. Shule za Uswidi hufunguliwa katikati ya Agosti, na siku za katikati ya wiki baada ya hapo huwa na nafasi zaidi. Wazazi wa Kenya wenye likizo ya Agosti wana bahati hapa. Wa Tanzania wenye likizo ya Juni nao hawakukosa, ila waikwepe wikiendi ya Midsommar, sikukuu ya kilele cha kiangazi: mkesha wake huangukia Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Siku hizo mbili nchi nzima huhamia vijijini, maduka mengi hufungwa au hufunga mapema, na kitanda cha bei nafuu hukipati kwa dua wala kwa uganga.

Mwanga nao ujiandae nao. Mwishoni mwa Juni jua la Vimmerby huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza tena baada ya saa kumi alfajiri kidogo. Watoto watakataa kulala kwa hoja kwamba bado ni mchana, na hawatakuwa waongo. Beba kitambaa cheusi cha kufunika dirisha, maana pazia za nyumba za kupanga huwa nyepesi. Kwa Mwislamu, magharibi huingia wakati nyumbani watu wameshalala usingizi wa kwanza. Kubaliana mapema na familia mtafuata ratiba ipi ya sala, badala ya kuanza mjadala huo saa sita usiku mkiwa mmechoka.

Hatua ya 3: Viza, kwa wanaoihitaji

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Usingoje hizo siku 15. Kiangazi ndipo kila mtu anapoomba.

Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka sita hawalipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Kwa watoto, chukua vyeti vya kuzaliwa, na ikiwa mzazi mmoja hayumo safarini, barua ya ridhaa yake. Hili la ridhaa ndilo linalowakwamisha akina mama wengi wanaosafiri na watoto peke yao, kwa hiyo lishughulikie kwanza, kabla hata ya picha za pasipoti.

Omba katika nchi unayoishi kihalali. Mzanzibari anayefanya kazi Muscat ataomba huko huko Oman, hatalazimika kurudi nyumbani. Ikiwa Uswidi ndiyo kituo kikuu cha safari yenu, ombi liende kwa Uswidi, hata kama mtatua Copenhagen, Denmark. Barua ya maelezo isiwe na maneno mengi: mnakwenda Vimmerby kwenye bustani ya Astrid Lindgren, tarehe hizi, tiketi hizi za kuingilia, mahali hapa pa kulala. Safari yenye sababu inayoeleweka humpa afisa kazi ndogo.

Mpakani, tangu Oktoba 2025, wageni wasio raia wa Ulaya wameanza kuandikishwa kwa picha na alama za vidole badala ya muhuri. Foleni inaweza kuvuta. Treni ya kwanza baada ya kutua isiwe ya nusu saa baadaye.

Hatua ya 4: Kufika

Kutoka Afrika Mashariki wengi hutua Arlanda, uwanja wa Stockholm, kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha. Vimmerby iko takriban kilomita 300 kusini ya Stockholm.

Kwa treni: Stockholm hadi Linköping kwa treni ya kasi ni kama saa mbili au pungufu. Linköping unabadilisha, unapanda treni ndogo ya dizeli iendayo Kalmar, na baada ya saa moja na nusu hivi unashuka Vimmerby. Reli hiyo haijawekewa umeme, ni ya njia moja, na inapita kwenye maziwa na misitu, kaa dirishani. Lakini treni za siku si nyingi. Ukiikosa moja hungoji dakika ishirini, unangoja sana. Panga safari kuanzia kipande hiki kidogo kisha urudi nyuma hadi kwenye ndege, wala si kinyume chake. Nunua tiketi moja inayounganisha safari yote, ili treni ya kwanza ikichelewa usilipie ya pili kwa mfuko wako. Anayetua Copenhagen naye anaweza kupanda treni ya kuelekea Stockholm inayosimama Linköping na kuungana na njia hiyo hiyo.

Kwa gari: hesabu kama saa nne kutoka Stockholm, na ongeza za kusimama. Gari ndiyo njia bora kwa familia, kwa sababu vijiji vya hatua ya tisa havifikiki vizuri bila gari. Uswidi waliacha kuendesha kushoto tarehe 3 Septemba 1967. Dereva wa Dar au Nairobi ajizoeze kwanza katika maegesho, hasa kwenye mizunguko. Taa za mbele ziwake mchana na usiku. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima akae kwenye kiti chake maalum, na kiti hicho ukiagize unapokodi gari. Pombe na usukani havikutani kabisa. Na jioni, msituni, punguza mwendo: kuna mnyama mkubwa aitwaye älg, mrefu wa miguu kiasi kwamba ukimgonga mwili wake huja kwenye kioo na si kwenye boneti. Mabango ya pembetatu yenye picha yake watalii huyapiga picha, wenyeji huyaheshimu.

Hatua ya 5: Pa kulala

Kuna hoteli mjini, vijumba na kambi ya mahema kando ya bustani, na nyumba za kupanga mashambani. Kwa familia ya watu wanne au zaidi, kijumba chenye jiko kinashinda hoteli kwa mbali, maana mtapika wenyewe. Soma masharti: sehemu nyingi za Uswidi mgeni huja na mashuka na taulo zake, au huzikodi, na kabla ya kuondoka husafisha nyumba mwenyewe. Asiyesafisha hutozwa. Hakuna wa kumwachia bakshishi afagie.

Hatua ya 6: Siku ya bustani

Bustani ilianza 1981, familia tatu za mjini zilipojengea watoto wao nyumba ya Emil kwa kipimo cha theluthi moja. Leo ina sehemu nyingi, na kipimo hicho bado kinatawala: katikati kuna mji mdogo ulionakiliwa kutoka Vimmerby yenyewe, ambamo mtu mzima anachungulia madirisha ya ghorofani bila kujinyoosha. Kwingine mambo yamegeuzwa, samani ni kubwa mno na wewe ndiye kibete.

Nunua tiketi mtandaoni kabla. Kisha, usiku wa kuamkia siku hiyo, tazama ratiba ya maonyesho. Hapa mgeni wa Kiswahili ajihadhari na saa. Ratiba ikisema 10:00 ni saa nne asubuhi. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Na kiangazi Uswidi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Mwandikie mtoto ratiba yake kwa saa za Kiswahili ili mzazi mmoja asiwe anasema saa nne na mwingine kumi.

Chagua maonyesho mawili makubwa, matatu yakizidi. Lile la Villa Villekulla hujaza watu, kwa hiyo mfike mapema mkae mbele. Ngome ya Mattis, baba yake Ronja, ina wakali wa kuimba na kelele za kutosha. Baina ya maonyesho waache watoto watembee, kwa sababu uzuri wenyewe uko hapo: waigizaji hawatoki kwenye uhusika wao. Emil atamkimbia baba yake mbele yenu, Ida ataomba msaada, Pippi atamuuliza mwanao swali.

Atamuuliza kwa Kiswidi. Maigizo karibu yote ni kwa Kiswidi, na hapa ndipo kazi ya hatua ya kwanza inapolipa. Emil haeleweki kwa maneno, anaeleweka kwa mbio, kwa mlango unaofungwa kwa kishindo na kwa baba anayeliita jina lake mpaka sauti inapasuka. Watoto wenu wataondoka wakilia "Emiiil!" kwa muda mrefu kuliko mtakavyopenda. Ronja na ndugu Lejonhjärta wanategemea mazungumzo zaidi. Wasimulie watoto kisa kizima mkiwa mmekaa kwenye benchi mkingoja, ili wajue nani ni nani. Na mtoto akisemeshwa kwa Kiswidi ajibu kwa lugha yake. Waigizaji wamezoea, na wanajua kuendeleza mchezo kwa mikono na macho.

Maonyesho hufanyika nje, mvua au jua. Waswidi hawakimbii mvua, huvaa koti la mvua na kuketi vile vile. Mwavuli utawaziba walio nyuma yenu, kwa hiyo beba makoti, na sweta hata Julai. Chakula kipo ndani ya bustani, lakini kubeba chenu si aibu. Familia nyingi hutandika shuka kwenye nyasi na kufungua vikapu.

Kama mna nafasi ya siku mbili, chukueni. Siku ya kwanza watoto hukimbia huku na huko, na siku ya pili ndipo hutulia wakaanza kucheza.

Hatua ya 7: Näs, bila haraka

Wageni wengi hutumia siku nzima bustanini, wakapita Näs kwa dakika ishirini wakielekea kwenye gari. Nadhani wanakosea kipimo. Ukitaka kuelewa vitabu vilitoka wapi, ni hapa.

Näs lilikuwa shamba la kanisa, na baba yake Astrid, Samuel August, alilikodi na kulilima pamoja na mkewe Hanna. Katika nyumba nyekundu ya mbao walizaliwa Gunnar, Astrid, Stina na Ingegerd. Astrid alipokuwa mtu mzima aliirudisha ndani ilivyokuwa utotoni mwake, na ndivyo ilivyo hadi sasa. Huingii peke yako. Unaingia na kiongozi katika kikundi kidogo, kwa hiyo weka nafasi mapema na uulize ziara ya Kiingereza ni saa ngapi. Vyumba ni vidogo. Watoto wanne, wazazi, watumishi na wafanyakazi wa shamba waliishi kwa kubanana kwa namna ambayo Mswidi wa leo huishangaa na mtu wa kwetu haishangai hata kidogo.

Nje kuna mti mkongwe wa elm wenye uwazi ndani, ambao Astrid na ndugu zake walikuwa wakiupanda. Ndio uliokuja kuwa mti wa Pippi unaoota chupa za soda. Upo pia ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa 2007, miaka mia moja tangu azaliwe, unaoeleza maisha yake bila kuyapaka sukari. Humo wazazi watajifunza zaidi kuliko watoto. Gawaneni, mmoja aingie, mwingine abaki nje na wadogo, kisha mpokezane.

Hatua ya 8: Mjini kwa mguu

Mji wote huumaliza kwa asubuhi moja. Kwenye uwanja mkuu, Stora torget, kuna sanamu ya shaba ya Astrid akiwa na taipureta yake, na watoto hupenda kumkaribia. Tembea barabara ya Storgatan, kisha upande Båtsmansbacken, kichochoro cha nyumba za mbao za zamani.

Ukiwa kwenye barabara hiyo kuu, kumbuka kisa ambacho kadi za posta hazikisemi. Msichana Astrid aliajiriwa katika gazeti la mji huu akiwa mwanafunzi wa kazi. Akiwa na miaka 18 alipata mimba ya mhariri wake, mwanamume mwenye mke na watoto. Mji uliwaka kwa maneno. Hakukubali kuolewa naye. Akaondoka kwenda Stockholm kujifunza ukatibu muhtasi, na Desemba 1926 akamzaa mwanawe Lars huko Copenhagen, akalazimika kumwacha kwa mama mlezi wa Kidenmark kwa miaka mitatu. Watoto wapweke waliojaa katika vitabu vyake, wengi wanaamini walianzia hapo. Mji uliomsengenya ndio leo unaoishi kwa jina lake, na kusema kweli siku hizi haujaribu kukificha kisa hicho.

Alifariki Stockholm tarehe 28 Januari 2002, akazikwa hapa, pamoja na wazazi wake. Kaburi lake katika makaburi ya mji lina jiwe la kawaida, rahisi kulipita.

Hatua ya 9: Vijiji, kwa wenye gari

Hapa wageni hupotea, kwa sababu majina ya vitabuni na ya ramani hayalingani. Lönneberga ni kijiji cha kweli, lakini ukienda huko kumtafuta Emil hutaiona nyumba yake. Katthult, shamba lililopigiwa filamu za Emil mwanzoni mwa miaka ya 1970, liko Gibberyd, magharibi ya Vimmerby. Nyumba nyekundu, mlingoti na kile kibanda cha seremala vipo. Bullerbyn nacho kwenye ramani ni Sevedstorp, mahali alipokulia baba yake Astrid: nyumba tatu zilizopangana, si zaidi. Katika vijiji hivi watu wanaishi. Usichungulie madirishani wala usiingize nguo za watu zilizoanikwa kwenye picha zako. Na ile nyumba ya Pippi ya mfululizo wa televisheni wa 1969 haipo Småland kabisa. Iko kisiwani Gotland.

Kama dereva hajachoka, endeleeni hadi Norra Kvill, mkaone mwaloni wa Rumskulla, mti unaokadiriwa kuwa na miaka elfu moja. Karibu yake kuna hifadhi ndogo ya taifa yenye msitu ambao haujakatwa kwa muda mrefu. Ukitembea humo utajua Ronja alitoka wapi.

Sheria ya Uswidi inamruhusu kila mtu kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini, mradi asiharibu na asisogelee makazi. Agosti msitu una matunda madogo ya buluu na watoto watarudi na midomo imebadilika rangi. Wakirudi wakagueni miili yote, nyuma ya magoti na kwenye nywele, mkitafuta kupe. Kupe wa eneo hili hubeba maradhi, na dawa ya kwanza ni kumng'oa mapema kwa kibanio. Maduka ya dawa huviuza.

Pesa, tumbo, na mkono wa mzazi

Uswidi karibu hawatumii pesa taslimu. Kadi inatosha, hata chooni. Ile huduma ya simu wanayoitumia wao kwa wao inahitaji akaunti ya benki ya huko, usihangaike nayo. Hata hivyo tafuta noti moja ya kroni 20: tangu 2015 ina uso wa Astrid na picha ya Pippi. Maji ya bomba yanywe bila wasiwasi, chupa za dukani ni kutupa hela.

Vyakula vya Småland ni vizito na nguruwe yumo mwingi. Maneno ya kuyatafuta kwenye pakiti ni *fläsk* na *gris*, yaani nguruwe. *Nöt* ni ng'ombe. Vile vijimipira maarufu vya nyama mara nyingi ni mchanganyiko wa zote mbili, uliza kila mara. Soseji ya isterband ni ya nguruwe. Peremende laini huwa na jelatini. Samaki, viazi na mkate havina utata. Kitu cha kuonja ni ostkaka, keki ya maziwa yaliyogandishwa, inayoliwa ya vuguvugu na jemu na krimu.

La mwisho ni zito na wageni hawaambiwi. Mwaka 1978, akipokea tuzo ya amani ya wauza vitabu wa Ujerumani huko Frankfurt, Lindgren alihutubia dhidi ya kuwapiga watoto. Mwaka uliofuata Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu ya viboko kwa mtoto, hata kwa mzazi wake. Sheria hiyo haimbagui mgeni. Kofi dogo kwenye foleni, sikio lililofinywa mbele ya duka la aiskrimu, na mtu atapiga simu polisi bila kukugombeza kwanza. Zungumzeni na babu, bibi au shangazi mliyesafiri naye kabla ya kufika, hasa yule mwenye mkono mwepesi. Mtoto akichachamaa, mtoeni nje ya kundi la watu, mnyweshe maji, mrudi. Choo na maji vipo ndani ya bustani ya maigizo, na tiketi yenu inawaruhusu kutoka langoni na kuingia tena siku hiyo mkiuliza utaratibu wake asubuhi mnapoingia.